Mgonjwa kaja na ugonjwa wa aibu: jinsi ya kumhudumia asikimbie

Kila mwaka vijana wapya wakitoka chuoni na kupangiwa zahanati huku kwetu Dodoma, Bahi, Chamwino, Chemba, Kongwa, simu yangu inaanza kuita usiku. Dada, kaja baba mtu mzima anasema ana UTI ila kila nikimuuliza anaangalia chini. Dada, mama anavuja mkojo harufu imejaa chumba nifanyeje. Dada, kaja na mkewe na majibu yametoka, nianzie wapi. Maswali ni yale yale miaka nenda rudi, sasa nimeamua niyaandike sehemu moja ili nami nilale.

Nikisema magonjwa ya aibu naongelea kisonono, kaswende, VVU, TB, fistula, bawasiri, kifafa, ukoma, matatizo ya akili, nguvu za kiume, mimba iliyoharibika, ukikojozi wa mtu mzima. Ugonjwa wenyewe hauna aibu, aibu tunaibandika sisi. Ila mgonjwa wako anaishi na hao watu walioibandika, na kesho atakutana nao kisimani, kwa hiyo usimwambie "usione aibu" halafu ukadhani umemaliza kazi.

Nianze na dhambi yangu ili usione nakufundisha kutoka mbinguni. Mwaka wangu wa kwanza kazini, siku ya gulio, foleni imejaa hadi chini ya mti, nikatoka na kikaratasi mkononi nikaita, "sindano ya kaswende ni ya nani?" Hakuna aliyesimama. Baba mmoja akanyanyuka taratibu akachukua baiskeli yake akaondoka. Miezi saba baadaye mkewe akaja kliniki ya wajawazito, tukampima, kaswende. Sikutaja jina la mtu siku ile, na bado nilimfukuza.

Kabla hujaanza, hakikisha una hivi

- Pazia zito na jiwe au kipande cha mbao cha kulishikilia chini. Dodoma upepo haukuombi ruhusa, hasa ule wa Juni mpaka Agosti, pazia linapaa mgonjwa yuko kitandani na benchi zima linaangalia.
- Redio ndogo ya kuweka upande wa benchi la kusubiria. Hii nitaieleza.
- Kabati au droo yenye kufuli, na funguo ikae kwa mtu mmoja anayejulikana.
- Bahasha za kaki au vifuko vya kaki vya kutosha, vya kuwafungia dawa wagonjwa WOTE.
- Shuka au kitenge safi cha kumfunika mgonjwa wakati wa kumpima.
- Barakoa na glovu.
- Namba za simu za wanaopokea rufaa zako, zimeandikwa kwenye daftari, sio kichwani.

Kama huna pazia usisubiri bajeti ya halmashauri, vitenge viwili vya zamani na kamba vinatosha, mimi nimetumia hivyo miaka.

Hatua ya 1: Kaa wewe kwenye benchi la wagonjwa kwanza

Asubuhi kabla ya watu kufika, mwambie mwenzako aingie chumbani aongee kwa sauti ya kawaida, wewe kaa benchini usikilize. Utashtuka. Zahanati zetu nyingi ukuta wa kati haufiki juu kwenye paa, sauti inaruka kama kuku. Ndo maana nimesema redio, iweke upande wa benchi, isiwe juu sana, iwe ya kuzuia tu maneno yasisikike. Halafu kiti cha mgonjwa kigeuze mgongo uelekee mlangoni, hata mtu akichungulia asione uso wake, na wewe usikae nyuma ya meza kama hakimu, vuta kiti kaa pembeni ya meza, hapo unaweza kuongea kwa sauti ya chini na akakusikia.

Hatua ya 2: Mwite kwa jina, ugonjwa uache ndani

"Wa TB waje huku." "Nani wa CTC?" (yaani kliniki ya VVU). "Yule mama wa mkojo." Hizi sentensi zife kabisa mdomoni mwako. Mwite kwa jina au namba ya foleni tu. Na kama zahanati yako ina siku maalumu ya CTC ambayo kijiji kizima kinaijua, ongea na mfawidhi wako, yaani mkuu wa zahanati, muone kama siku hiyo hiyo mnaweza kuweka na huduma zingine, mtu akionekana getini isijulikane kafata nini.

Akiingia, salamu. Mzee wa Kigogo ukimpokea na mbukwa au mbukwenyi halafu ukamwacha akujibu mpaka mwisho, habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, umeshamaliza nusu ya kazi. Najua foleni ni ndefu. Dakika moja ya salamu inakuokolea dakika kumi za kumkamua mtu maneno.

Hatua ya 3: Mbaki wawili, na ufanye hivyo kwa kila mtu

Huku kwetu mgonjwa haji peke yake. Anakuja na mume, mama mkwe, shemeji, wakati mwingine na jirani mwenye pikipiki. Ukiwatoa nje kwa mgonjwa mmoja tu wataanza kuuliza ana nini huyo mpaka tutolewe. Kwa hiyo ifanye iwe sheria ya chumba: kila mgonjwa anaonwa peke yake kwanza. Sema kwa adabu, "mama, karibu sana, nitaanza na yeye kumpima kidogo, kisha nitakuita." Huo ni ukweli na hakuna anayeweza kukasirika. Ukishabaki naye mwenyewe muulize, unataka aingie tena au abaki nje? Atakachosema ndo hicho.

Kosa kubwa hapa ni mkalimani. Bibi haongei Kiswahili vizuri, wewe hujui Kigogo wala Kirangi, unamwita mjukuu wake wa miaka kumi atafsiri habari za uchafu ukeni. Hapana jamani. Mtafute mtumishi mwenzako wa jinsia ya mgonjwa, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii ambaye sio wa kitongoji hicho, na umwambie mbele ya mgonjwa kwamba haya yanaishia humu ndani.

Hatua ya 4: Mwambie siri inaishia wapi, kabla hajakwambia chochote

Wengi wanasema tu "usijali, ni siri." Halafu mgonjwa anamuona mtu wa maabara anasoma jina lake, anajua umemdanganya. Mwambie ukweli, kwa maneno kama haya:

"Utakachonieleza sitamwambia mumeo, mama yako, mwenyekiti wala mchungaji. Nitaandika kwenye faili, na wanaoliona ni wanaokutibu tu. Kitakachonifanya niongee na mtu mwingine ni kama kuna hatari ya kufa mtu au kuna mtoto anaumizwa, na hata hapo nitaanza kukwambia wewe."

Sheria ipo upande wako. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya VVU yawe siri na inakataza unyanyapaa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Na kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi, tangu marekebisho ya 2019, kwa hiyo usimrudishe nyumbani akamlete baba yake.

Hatua ya 5: Uliza kama unauliza habari za mguu

Anza na mepesi, imeanza lini, inauma wapi, umeshatumia dawa gani. Hilo la mwisho uliza kwa uso mkavu kabisa maana atakwambia kapita kwa mganga, kapita duka la dawa kapewa vidonge vinne, kanywa na mizizi. Usicheke wala usiseme "mngekuwa mnakuja mapema." Kama angekuwa na pa kuja mapema angekuja.

Ukifika kwenye mambo ya ndani, toa taarifa kwanza: "sasa nitakuuliza maswali ambayo namuuliza kila mtu mwenye dalili kama hizi." Halafu uliza bila kumbebesha jibu. Usiseme "huna mtu mwingine nje, eti?" maana umeshamfundisha aseme hana. Sema "miezi mitatu hii umekuwa na mwenza mmoja au zaidi?" na ukae kimya. Ukimya huo ni mgumu, utatamani kuujaza, usiujaze.

Neno "kwa nini" liweke mfukoni. Kwa nini hukuvaa kondomu, kwa nini uliacha dawa. Mgonjwa anasikia mashtaka. Uliza "ilikuwaje ukaacha dawa?" utasikia habari za nauli, za mume aliyezikuta, za kuchoka kuzimeza na njaa, na hayo ndo mambo ya kutibu.

Na msamiati wake uchukue. Akisema UTI, anza na UTI yake, akisema "huku chini", sema huku chini mpaka mtakapozoeana. Nusu ya wanaume wanaoniambia wana UTI sugu wana kisonono na wanajua, wanakupima tu wewe utalipokeaje.

Hatua ya 6: Uso wako

Hii haipo kwenye mtihani lakini ndiyo inayofukuza watu wengi kuliko zote.

Mama mwenye fistula anakuja kaishi miaka na mkojo unaovuja, anakaa kwenye ukingo wa kiti au anasimama kabisa ili asilowanishe. Anakuangalia pua. Yaani haangalii macho yako, anaangalia pua. Ukiikunja tu, kaondoka, na unaweza usimuone tena. Kwa hiyo jipange mapema: dirisha wazi tangu asubuhi, barakoa vaa kwa wagonjwa wote siku nzima ili isionekane umeivaa kwa ajili yake, na plastiki ya kitandani iwe kawaida kwa kila anayelala. Kiti kikilowa futa kama unavyofuta maji ya kunywa yaliyomwagika, endelea na maongezi.

Kumpima, mwambie kila unachotaka kufanya kabla hujakifanya, funika sehemu usiyoipima, muulize kama anataka mtumishi wa jinsia yake awepo. Akisema acha, acha. Na kamwe usimwite mwenzako "njoo uone hii." Ukitaka ushauri, mfunike mgonjwa kwanza, omba ruhusa yake, kisha mwite.

Hatua ya 7: Mpe ukweli wa ugonjwa, mahubiri mwachie mchungaji

Mgonjwa anataka kujua vitu vitatu: nina nini, kinapona, nimewaambukiza wangu? Mjibu hivyo hivyo. Haya ndo yanayoulizwa sana:

TB inapita kwa hewa, mtu akikohoa. Haipiti kwenye sahani wala kijiko, kumtengea vyombo ni kumtesa bure. Akianza dawa vizuri, wengi hawaambukizi tena baada ya kama wiki mbili, ila dawa ni miezi 6 na asiache hata akipata nafuu.

Ukoma unapona. Dawa ni miezi 6 au 12 kutegemea aina, na ni bure. Sisi wa Dodoma tuna historia ya makazi ya wagonjwa wa ukoma kule Hombolo kwa hiyo wazee bado wanadhani ukiambiwa ukoma unahamishwa kijiji. Mwambie anameza dawa akiwa kwake, na ganzi kwenye mikono au miguu asiifiche maana akichelewa ndo vidole vinapotea.

Kifafa hakiambukizi, povu halina kitu. Liseme hili kwa familia (mgonjwa akiruhusu) kwa nguvu zako zote, maana kuna watu wameungua motoni na wenzao wamesimama pembeni wanaogopa kuwagusa.

VVU: anayemeza ARV (dawa za kufubaza VVU) vizuri mpaka kipimo cha wingi wa virusi kikaonyesha virusi havionekani, haambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Wengi hawajawahi kuambiwa hili, waambie.

Fistula inatokana na uchungu uliokaa muda mrefu, kichwa cha mtoto kinabana nyama mpaka zinakufa pakabaki tundu. Haitokani na uzinzi wala laana ya mama mkwe. Upasuaji upo, hospitali ya CCBRT kule Dar es Salaam wamekuwa wakiufanya bila malipo kwa miaka mingi.

Kwa matatizo ya akili, Dodoma tuna mzigo wetu wenyewe, tumeifanya Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, kuwa tusi. Mtoto akikosea hesabu anaambiwa apelekwe Mirembe. Halafu wewe ukimwambia mgonjwa "nakuandikia rufaa Mirembe" unashangaa anatoroka. Anza na kumueleza anaenda kufanya nini kule, atakutana na nani, atarudi lini, jina la hospitali litaje mwishoni.

Hatua ya 8: Dawa

Maelezo ya dawa yatolewe chumbani, sio dirishani. Dirishani ni kukabidhi tu. Na kila mtu apewe kwenye kaki inayofanana, ukimfungia mwenye VVU peke yake vizuri umeshamtangaza.

Chupa za ARV zinalia kama kayamba, mtu akitembea nazo kwenye daladala au bodaboda kila mtu anajua. Mshauri azizungushie kitenge vizuri ndani ya begi. Asizimwage kwenye mfuko wa nailoni, kwenye joto na unyevu zinaharibika.

Hatua ya 9: Simu na rejista

Muulize mwenyewe: namba hii ni ya nani? Nikipiga akapokea mtu mwingine nisemeje? Vijijini simu moja ni ya ukoo. Mimi nikipiga najitaja jina langu tu, akipokea mwingine nasema nitapiga tena, basi. Ujumbe wa maandishi usiandike ugonjwa, wala dawa, wala neno kliniki.

Rejista ikitumika ifungwe, hata kama unaenda chooni. Na picha za vidonda, fomu au majibu kwenye grupu la WhatsApp la watumishi, HAPANA. Hata ukifuta jina, kidonda kwenye mguu wenye shanga fulani kijiji kizima kinamjua mwenye nao.

Hatua ya 10: Mwenza

Kwenye magonjwa ya zinaa usipomtibu mwenza umefanya kazi bure. Lakini wa kumwambia mwenza ni mgonjwa, na kwa VVU sheria inamtaka yeye mwenyewe amwambie. Kazi yako ni kumsaidia afike hapo. Fanyeni mazoezi, kaa wewe uwe mume, yeye aongee. Mpe kadi ya mwenza, ya kumwita aje kutibiwa, kama zipo. Mpe pia nafasi ya "njooni wote tupime kama vile hujapima", wengi wanaichagua hii. Ila kabla ya yote muulize taratibu, ukimwambia atakupiga? Akisema ndiyo au akinyamaza, punguza mwendo, usalama wake kwanza, panga naye siku nyingine na nani wa familia anaweza kusaidia.

Kuna sehemu mjamzito asiye na mwenza anaambiwa alete barua ya mwenyekiti ndo apimwe. Sijawahi kuona maana yake zaidi ya kumtembeza binti na aibu yake ofisi kwa ofisi. Mpime.

Mambo yakienda ndivyo sivyo

*Mgonjwa haongei kabisa.* Usimkamue. Mpime presha, uzito, joto, mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Ikishindikana mwambie "nipo Jumatatu na Alhamisi mchana, foleni inakuwa fupi." Wengi wanarudi.

*Mume au mama mkwe anang'ang'ania majibu.* "Majibu ninampa mwenyewe, yeye akipenda atakwambia, na siku wewe ukiumwa nitakutunzia ya kwako vile vile." Hilo la mwisho huwa linanyamazisha watu.

*Mwenyekiti au mtendaji anauliza nani wana UKIMWI kijijini ili wasaidiwe.* Nia inaweza kuwa nzuri kabisa. Majina hutoi. Mwambie utawaeleza wagonjwa kwamba msaada upo, anayetaka atajitokeza.

*Umekutana naye sokoni Majengo au kwenye basi.* Subiri akusalimie yeye. Akikusalimia jibu salamu tu, usiulize "dawa unaendelea nazo?" Nimewahi kuona mtu ameshuka kituo sio chake kwa swali hilo.

*Mgonjwa ni shemeji yako, au mtu unayesali naye.* Mpe uchaguzi: "unaweza kuonwa na mwenzangu, sitajisikia vibaya." Akikuchagua wewe, nyumbani hata mumeo asijue kama alikuja.

*Moyoni umemhukumu.* Inatokea, wewe ni mtu. Binti karudi mara ya tatu na kisonono na unajisikia kumpasha. Toka nje, kunywa maji, rudi. Ukiona siku hiyo huwezi, mpe mwenzako amuone.

*Mwenzako kazini ndo anavujisha.* Ongea naye faragha mara moja, na mfano mkononi: ulisema hivi, mbele ya nani. Akirudia, mfawidhi. Usimseme kwenye kikao, utakuwa unafanya kile kile.

*Siri imeshavuja na ni wewe.* Usijifiche na usisubiri aje kulalamika. Mfate, sio nyumbani kwake, mwombe mkutane, sema nilikosea, nilisema hivi, na fulani alisikia. Usianze na sababu za foleni. Muulize anataka ufanye nini, na umtafutie pa kuendelea na matibabu kama hapo hapataki tena. Yule baba wa baiskeli nilimwendea nikiwa nimechelewa miezi saba. Alinisikiliza, akaniuliza mkewe atapona, nikamwambia atapona na mtoto pia tumewahi, akasema sawa. Sindano zake alikubali kuchomwa, ila kituo kingine.